Kutoka Uvira hadi Manchester: timu ndogo iwekwe mji gani?

Manchester, New Hampshire, Marekani. – Wakaaji wengi wa Uvira, Baraka na Fizi wana ndugu waliotoka kambi ya Nyarugusu kule Tanzania wakapelekwa Marekani. Wengine waliangukia kaskazini-mashariki, kwenye miji yenye theluji ya miezi mingi na viwanda vya zamani vya matofali mekundu kando ya mto. Manchester ni mmoja wao, mji wa watu wapata 115,000. Hapo ndipo papa mmoja wa Uvira aliposhushwa mwaka 2013 na mke wake na watoto watatu. Na hapo ndipo alipoanza, bila kupanga, kujiuliza swali ambalo wenye timu wenyewe wanalijibu kila mmoja kwa namna yake: timu kubwa ya hoki ikiwa na timu ndogo ya kulelea vijana, hiyo ndogo iwekwe wapi?

Kwanza hakujua hoki ni nini. Kule Uvira alijua barafu ya aina moja tu, ile ya vifuko vya plastiki inayouzwa sokoni wakati wa jua kali. Alipoingizwa katika uwanja wa ndani ulio kwenye barabara ya Elm, akaona sakafu yote ni barafu, na vijana wazima wenye fimbo wanakimbizana juu yake wakigombania kisahani cheusi cha mpira, alicheka mpaka shefu wake naye akacheka. Kisha akapewa fagio. Kazi yake ilikuwa kupanda majukwaani watu wakishatoka, kuokota vikombe, kufagia bisi za mahindi, kukusanya mifuko na kuishusha. Walimaliza saa saba au saa nane za usiku.

Timu ya pale iliitwa Manchester Monarchs. Katika nyumba ya papa huyu haikuhesabiwa kwa magoli. Ilihesabiwa kwa usiku. Msimu ulikuwa na michezo 76, nusu yake nyumbani, maana yake usiku 38 wa kazi juu ya ile kazi yake ya mchana. Mama watoto aliandika tarehe hizo kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, na fedha ya usiku ule ilikuwa na majina yake tayari: viatu vya theluji, simu ya kwa bibi huko Uvira, deni la tiketi za ndege. Wakimbizi wanaopelekwa Marekani hulipa tiketi zao pole pole wakishafika, jambo ambalo wengi wa huku nyumbani hawalijui.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2015 habari ikatoka: timu inahama. Los Angeles Kings, ambao ndio wenye timu hiyo, wanaichukua na kuipeleka Ontario. Si Ontario ya Kanada. Ni mji wa California wenye jina hilo, upande wa pili kabisa wa Marekani.

Papa hakuelewa. Timu ilikuwa inashinda. Msimu ule ilimaliza ikiwa ya kwanza katika ligi nzima. Vijana waliolelewa pale walikuwa wamewaletea Los Angeles kombe kubwa la Stanley mara mbili, mwaka 2012 na mwaka 2014. Golikipa Jonathan Quick alipita Manchester. Alec Martinez, aliyefunga goli la ushindi la mwaka 2014 katika muda wa nyongeza, alipita Manchester. Tyler Toffoli na Tanner Pearson vilevile. Mti unaozaa hivyo, nani anaung'oa?

Aliyemweleza ni mzee mmoja mwenyeji wa pale, mfanyakazi mwenzake. Alimweleza wakiwa wameketi kwenye ngazi, kwa vikombe viwili vitupu.

Hoki ya Marekani na Kanada ina ngazi. Juu kuna NHL. Chini yake kuna AHL, ligi iliyoanza mwaka 1936, ambamo kila timu imefungwa na timu ya juu. Chini zaidi kuna ECHL. Kijana aliyesajiliwa na timu ya juu kabla hajakomaa hutumwa chini acheze kila wiki, asioze benchini. Mshahara wake hulipwa na timu ya juu. Siku mchezaji wa juu akiumia, kijana anaitwa, mara nyingi siku hiyohiyo. Watu wa Lubumbashi wanaweza kulielewa jambo hili bila mwalimu, kwa sababu Don Bosco imelea vijana walioingia Mazembe. Ila huko Lubumbashi timu zote mbili ziko mji mmoja, kijana anabadili jezi bila kubadili nyumba. Kati ya Manchester na Los Angeles kuna zaidi ya kilometa 4,000. Manchester wakiwa wanakula chakula cha jioni, Los Angeles jua bado liko juu.

Mzee aliweka kikombe kimoja ngazi ya chini, kingine akakipandisha juu mbali. Tuseme beki wa Los Angeles ameumia kifundo cha mguu katika mazoezi ya asubuhi, na usiku kuna mchezo. Wanapiga simu Manchester. Kijana amelala, usiku uliopita alicheza. Aamke, apelekwe Boston, akae angani kama masaa sita, atue, avae, aingie kwenye barafu na watu wenye nguvu kuliko wote duniani. Wakati mwingine anafika hana usingizi, na mabegi yake hayajafika. Wakati mwingine hafiki kabisa kwa sababu ya theluji. Na siku nyingine zote, zile ambazo hakuna aliyeumia, kocha wa Los Angeles anawajua vijana wake kwa video na kwa simu. Mgonjwa anayepona hawezi kwenda kujaribu mguu wake siku mbili kule chini kisha arudi. Lakini Ontario iko kama kilometa 60 kutoka Los Angeles. Ni mwendo wa saa moja kwa gari barabara ikiwa wazi, ingawa barabara za Los Angeles kuwa wazi ni hadithi nyingine.

Papa alisikiliza. Akauliza swali moja: kama ni hivyo, kwa nini hawakufanya hivyo tangu mwanzo? Uwanja wa Manchester ulifunguliwa mwaka 2001, na timu ikaanza nao mwaka huohuo. Walikaa miaka 14.

Jibu lake ni la basi. Timu ndogo za mashariki zimekaa karibu karibu: Manchester, Worcester, Providence, Portland, Springfield. Zinapanda basi saa nane mchana, zinacheza, zinarudi kulala nyumbani. Huko California hapakuwa na timu nyingine ya ligi hiyo. Timu moja ikienda huko peke yake, kila mchezo wa ugenini ni ndege, na ndege inakula fedha nyingi. Kwa hiyo timu za magharibi zilisubiriana. Mwaka 2015 zikahama tano kwa pamoja ili ziwe na jirani wa kucheza naye: Los Angeles ikaitoa yake Manchester, San Jose ikaitoa Worcester, Anaheim ikaitoa Norfolk huko Virginia, Calgary ikaitoa mji mdogo wa Glens Falls, Edmonton ikaitoa Oklahoma City. Zote zikaenda California. Tena zikakubaliana zicheze michezo 68 tu badala ya 76, ili vijana wapate siku nyingi za mazoezi.

Kwa upande wa timu kubwa, hesabu hiyo ni safi. Haifai kuwaita watu wabaya. Anayelipa mshahara wa mtoto ana haki ya kutaka kumwona anavyokua. Lakini hesabu hiyo ina safu moja tu, na mji haumo ndani yake. Mji hauwezi kuukunja uwanja wake na kuutuma California. Mama mwenye duka la vinywaji karibu na mlango, mlinzi wa maegesho, watoto waliokwisha kujifunza majina ya wachezaji kwa moyo, na papa mwenye fagio, hao wote walibaki na jengo.

Mama watoto ndiye aliyelitia jambo hilo katika lugha ya nyumbani. Yeye mwenyewe alilelewa na bibi yake Baraka tangu akiwa na miaka mitatu, wazazi wakiwa Bukavu wanatafuta maisha. Bibi alimfundisha kupika, kulima, kuomba. Alipofika umri wa kufaa kazi, baba yake akaja na begi. Hakuna aliyemlaumu baba. Mtoto ni wake. Lakini bibi alibaki mlangoni, na mwaka ule hakupanda muhogo. “Hawa watu wa Los Angeles,” akasema mama watoto, “wamekuja na begi.”

Kisha likatokea jambo ambalo hata anayetunga hadithi angeogopa kulitunga. Mwezi wa nne 2015 Los Angeles, wenye kombe, walishindwa hata kuingia katika michezo ya mtoano. Mtoto wao aliyekwisha kuambiwa ahame akaendelea kushinda. Mwezi wa sita Manchester waliwafunga Utica Comets michezo minne kwa mmoja na kubeba Kombe la Calder, lililo kubwa kuliko yote katika ligi hiyo. Halikuwa limewahi kuja Manchester katika miaka yote 14. Mchezo wa mwisho ulichezwa Utica, jimbo la New York, ukaisha 2-1. Jordan Weal alichaguliwa mchezaji bora wa mtoano. Baada ya hapo wakafunga mizigo.

Usiku ule papa hakuwa na kazi kwa kuwa mchezo ulikuwa ugenini. Aliufuatilia kwenye simu ya binti yake mkubwa, mwenye miaka 13, ambaye shule ilikuwa imempa tiketi mara mbili na tangu hapo hakuponyeka. Binti aliruka, akapiga kelele, jirani akagonga ukuta. Halafu akanyamaza, akauliza: “Papa, sasa kombe wanalipeleka wapi?”

Utica nao, kwa habari ya msomaji, ni mji wa wakimbizi. Umepokea watu wa kila bara kwa miaka mingi. Timu yao wakati ule ilikuwa ya Vancouver, mji ulioko ukingoni mwa bahari ya Pasifiki, mbali karibu kama Los Angeles. Hawakujua kwamba zamu yao ilikuwa njiani. Mwaka 2021 Vancouver wakaichukua timu yao wakaipeleka Abbotsford, kama kilometa 70 kutoka kwao, na mwaka 2025 ikabeba Kombe hilohilo la Calder. Utica hawakubaki bila timu, maana New Jersey waliwaletea ya kwao. Walitoa wapi? Binghamton, mji mwingine wa jimbo hilohilo la New York. Ndivyo inavyokwenda. Kiti kikivutwa hapa, kuna mtu anaanguka kule.

Manchester pia haikuachwa tupu. Mji ule wa Ontario ulikuwa tayari na timu ya ngazi ya tatu iliyoitwa Reign. Timu mbili zikabadilishana: ya Manchester ikaenda Ontario ikaitwa Reign, ya Ontario ikaja Manchester ikaitwa Monarchs. Jina lilibaki ukutani, jezi zilifanana, ila vijana waliokuwa ndani yake walikuwa wa ngazi ya chini. Michezo ikawa 72, yaani usiku 36 nyumbani. Kwa kalenda ya jikoni ilionekana kama hasara ya usiku mbili tu. Lakini watu walioingia uwanjani walipungua, uchafu ukapungua, na wafagiaji wakaitwa wachache. Papa aliitwa mara moja kwa michezo miwili. Baadaye mara moja kwa mitatu.

Ndipo mdogo wake aliyekuwa Des Moines, jimbo la Iowa, akaanza kupiga simu kila Jumapili. “Yaya, njoo huku. Kiwanda cha nyama kinatafuta watu, nyumba ni rahisi, Waswahili wamejaa, kanisani tunaimba kama Uvira.” Iowa kweli imepokea Wakongo wengi, na hata sasa kuna mitaa ambako Kiswahili kinasikika dukani kama Kiingereza. Papa alitaka kwenda. Mama watoto hakutaka. “Baba watoto, mimi si kisahani cha mpira wa kupigwa huku na huku. Tulitoka Uvira tukaenda Nyarugusu, Nyarugusu tukaja hapa. Watoto wamepata walimu wanaojua majina yao. Unataka kuwa karibu na kazi, sawa. Lakini mtu haishi kazini.”

Walibishana juu ya jambo hilo kwa miaka minne. Ulikuwa ubishi uleule wa Los Angeles na Manchester, ukihamia mezani: mmoja anahesabu umbali, mwingine anahesabu mizizi, na wote wawili wana haki.

Binti mkubwa alichangia kwa namna yake. Akiwa na miaka 15, mwalimu wa jiografia aliwapa kazi ya ramani, kila mtoto achague jambo lake. Yeye alichukua rula akachora mistari kati ya kila timu ya NHL na timu yake ya AHL, ramani moja ya mwaka 2014, nyingine ya mwaka uliofuata. Ramani ya kwanza ilikuwa kama kitanda cha kamba kilichosukwa na mlevi. Arizona, jimbo la jangwa, ilifungwa na Portland huko Maine. Anaheim na Norfolk. San Jose na Worcester. Winnipeg, katikati ya Kanada, ilikuwa na vijana wake St. John's, kisiwani, mji wa mwisho kabla ya bahari ya Atlantiki. Ramani ya pili mistari mingi mirefu ilikuwa imekatika. Winnipeg walikuwa wamewarudisha vijana wao nyumbani kabisa, uwanja mmoja na timu kubwa.

Papa alipoona Winnipeg akasema hilo ndilo jibu: weka wote chini ya paa moja. Binti akakataa, na hapa mtoto alikuwa na akili kuliko baba. Akamwonyesha Toronto, ambako timu kubwa na ndogo ziko mji mmoja. Mtu wa Toronto mwenye fedha atakwenda kuona wakubwa. Asiye nayo atakwenda kuona wadogo, na moyo wake uko kwa wakubwa. Kijana anacheza mbele ya watu wanaoulizana matokeo ya mchezo mwingine. Huko Manchester kijana alikuwa mfalme. Mkate alinunuliwa, na akikosa goli aliulizwa dukani kwa nini. Hilo nalo ni shule. Kijana ambaye hajawahi kuwahuzunisha watu elfu nane kwa wakati mmoja atajifunzia wapi kubeba mzigo wa watu elfu kumi na nane?

San Jose ni ushahidi mzuri. Mwaka 2015 waliweka vijana wao katika uwanja uleule wa wakubwa. Miaka saba baadaye wakawajengea uwanja wao mdogo, wa watu 4,200, mjini humohumo, kwa kuwa nyumba ya watu zaidi ya 17,000 iliyojaa robo inaumiza macho. Calgary nao, waliotoka Glens Falls kwenda Stockton huko California, hawakutulia. Mwaka 2022 waliwarudisha vijana Calgary. Miaka minane, miji mitatu. Mtoto wa namna hiyo huku kwetu watu wangeuliza kama ana jamaa.

Mistari ambayo binti aliipaka rangi ya kijani, yaani aliyoipenda, ilikuwa mingine. Boston na Providence, chini ya kilometa 100. Chicago na Rockford. Detroit na Grand Rapids. Philadelphia na Allentown. Na mmoja aliuzungushia duara: Washington na Hershey.

Hershey ni mji mdogo wa Pennsylvania, mji wa kiwanda cha chokoleti, kiasi kwamba hata taa za barabarani zimechongwa kama peremende zake. Timu yake, Bears, imo katika ligi ile tangu mwaka 1938, na hakuna iliyokaa muda mrefu kuliko hiyo bila kuhama. Uwanja unabeba watu zaidi ya 10,000 na unajaa. Kombe la Calder wamelibeba mara 13, mara za mwisho zikiwa 2023 na 2024. Washington iko mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Kijana akiitwa saa nne asubuhi, mchana anakula na wakubwa. Wakati huohuo Washington haiko karibu kiasi cha kumfunika. Mtu wa Hershey haamki akiwaza habari za Washington.

Lakini siri yake si kilometa. Siri ni karatasi. Timu ya Hershey ni mali ya kampuni ya palepale Hershey. Washington wanaleta wachezaji na kocha, wanalea vijana wao, wakichoka wanaondoka, na atakuja mwingine. Kabla yao walikuwapo wengine wengi. Wageni hubadilika, nyumba inabaki. Karatasi ya Manchester ilikuwa mikononi mwa Los Angeles, kwa hiyo siku Los Angeles walipoamka na wazo, hapakuwa na mtu wa kuwauliza. Waliohesabu nguvu ya mji kwa wingi wa watu majukwaani walihesabu vibaya. Ilibidi wahesabu nani ana karatasi ndani ya kabati.

Kwa mji wowote unaotaka kukaribisha timu ya namna hiyo, hilo ndilo la kuangalia kabla ya kununua hata msumari mmoja wa uwanja. Na kwa timu kubwa inayotafuta mahali, saa mbili au tatu za barabara zinatosha, mradi mji wenyewe uwe na njaa ya kuwa na timu. Zaidi ya hapo unalea kwa simu. Pungufu ya hapo mtoto anakaa kivulini.

Mwalimu alimpa binti alama nzuri. Papa aliibandika ramani ya pili jikoni, karibu na kalenda ambayo sasa wino mwekundu ulikuwa haba.

Mwaka 2019 ile timu ya ngazi ya tatu nayo ikafungwa. Mnunuzi alitafutwa, hakupatikana. Uwanja uliendelea na matamasha na mambo mengine, lakini hoki ya kulipwa ikaisha Manchester. Mama watoto alikaa wiki mbili bila kuligusa jambo hilo. Wiki ya tatu akauliza Iowa kuna baridi kiasi gani. Binti mkubwa alikuwa na miaka 17, amebakiza mwaka mmoja wa shule, na ndiye aliyelia kuliko wote siku ya kupakia gari.

Des Moines ina uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 2005, na ndani yake inacheza Iowa Wild, timu ndogo ya Minnesota. Baridi ya kwanza, mdogo wake papa aliwanunulia wote tiketi za majukwaa ya juu. Ilikuwa mara ya kwanza papa kuketi kwenye kiti cha uwanja watu wakiwapo. Hakutulia. Vikombe vikianguka aliviangalia, na mapumziko ya kwanza binti alimshika mkono akimwona ameshaokota vitatu.

Akauliza lile swali lake: “Baba yao yuko wapi?”

“Saint Paul,” binti akajibu. “Masaa matatu na nusu kwa gari. Kama kilometa 390.”

Papa akakubali kwa kichwa. Mbali kidogo, lakini mtu anafika. Akauliza tena wamekuwa hapo tangu lini. Binti alikuwa ameshasoma yote kwenye simu. Des Moines walipata timu mara ya kwanza mwaka 2005, ikawaponyoka mwaka 2009, wakakaa miaka minne uwanja bila hoki ya ligi hiyo. Mwaka 2013 Minnesota wakawaletea hii, wakiitoa Houston, Texas, kwa sababu huko hawakuelewana juu ya mkataba wa uwanja.

Kipindi cha pili kilikuwa kinaanza, watu wakasimama kushangilia. Papa alibaki ameketi, vikombe vitatu mapajani.

“Na Houston,” akauliza, “nani alikuwa anafagia?”